Spiriti Niliyoimimina Kwenye Tenki

Niliacha shule kidato cha pili, na tangu hapo sijadumu kwenye kazi moja miaka miwili. Nimebeba marobota Kariakoo, nimeuza kava za simu barabarani, nimepaka rangi mageti ya watu. Mtaa wa Gerezani, kwenye mafundi na maduka ya spea, nilifika kwa kumsindikiza mtu kununua shokomzoba za gari lake, nikabaki. Fundi mmoja wa magari aliniona nimechuchumaa muda mrefu nikimtazama anavyofungua injini, akaniuliza kama nimetumwa na mke wake. Kesho yake nikaanza kumshikia spana.

Kilichoninasa pale ni pampu za mafuta. Za magari ya siku hizi hukaa ndani ya tenki, huendeshwa kwa umeme, na petroli yenyewe ndiyo inayozipoza. Umeme katikati ya petroli, na hakuna kinacholipuka! Pampu mbovu wenzangu walizitupa. Mimi nilizikata kwa msumeno nione kilichoziua. Nyingi ziliuawa na tabia yetu ya kuendesha huku taa ya mafuta inawaka. Mtu anaweka ya kumfikisha tu, anazunguka mjini siku nzima, pampu inavuta hewa mpaka inaungua.

Tulikuwa na mteja mwenye duka la vitambaa Kariakoo. Alikuwa na gari la turbo, limelala chini, mlio wake unasikika kabla halijakata kona. Alilalamika kwamba linachoka akilikanyaga. Fundi akamwambia gari halina tatizo, tatizo ni foleni. Lakini mimi nilikuwa nimeona kwenye simu watu wa nje wakitumia spiriti badala ya petroli kwenye magari ya mashindano. Walieleza pia kwamba kwanza walibadilisha pampu, mipira na chujio, viwe vya kuhimili spiriti. Sehemu hiyo niliiruka.

Nikanunua dumu la spiriti kwa wauza rangi, nikamwambia mteja nitaligusa kidogo gari lake. Fundi alipokwenda kuswali adhuhuri, nikaimimina kwenye tenki. Jioni mteja akanipigia simu.

"Umelifanya nini? Linaruka!"

"Mambo madogo tu, bosi."

"Wewe si wa kushika spana. Wewe ni injinia."

Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Kwa ajili ya neno hilo nilimimina tena wiki iliyofuata, na iliyofuata tena.

Gari lilizima kwenye taa za Buguruni, asubuhi, muda mfupi baada ya kujazwa mafuta. Likavutwa hadi kwetu. Fundi akaligonga tenki upande wa chini kwa nyundo ya mpira, maana pampu iliyokwama wakati mwingine huamka hivyo. Haikuamka. Akang'oa kiti cha nyuma, akaitoa. Mpira wake wa ndani ulikuwa umevimba kama andazi lililochovywa kwenye chai, na shaba yake imeota kutu ya kijani. Nilijua ninachokitazama. Spiriti ile ya bei rahisi ilikuwa na maji, maji hushuka chini, na pampu hunyonya kutoka chini.

Fundi akachota mafuta kwenye chupa tupu, akaitikisa, akaiinua juani. Mstari ukajichora: petroli juu, maji chini.

"Yamechakachuliwa," akasema. Mafundi wa vibanda vya jirani wakasogea.

"Umejaza wapi, bosi?" mmoja akauliza, na mteja akakitaja kituo.

"Si nilisema! Wale wanauza supu."

Mjini kwetu neno kuchakachua likishatamkwa, kesi imekwisha. Hakuna aliyeuliza nani mwingine aliligusa tenki. Fundi akanikabidhi chupa, akasema niende na mteja nikaeleze kitaalamu.

Aliyeshika bomba kituoni asubuhi ile alikuwa dada tuliyepanga naye nyumba moja Buguruni, mlango wake unatazamana na wangu. Aliponiona nashuka kwenye gari la kukodi pamoja na mteja, akacheka.

"Jirani, leo umeukata! Na bosi kabisa?"

Mteja akawasha kamera ya simu, akaanza kupaza sauti. Bodaboda waliokuwa kwenye foleni wakatuzunguka. Meneja akatoka ofisini.

"Mimi nashika bomba tu," dada akasema. "Tenki liko chini ya ardhi, silioni." Kisha akanigeukia mimi. "Jirani, wewe unayajua magari, waambie. Pikipiki zote hizi nimezijazia tangu asubuhi. Iko iliyozima?"

Ilikuwa hoja nzito kuliko zote zilizotolewa siku ile. Ingetosha, kama mtu mmoja angeiunga mkono. Meneja akaniangalia, akisubiri. Nikainua chupa.

"Maji ni haya," nikasema. "Kila mtu anayaona."

Hakuna aliyepima tenki la kituo. Meneja alitaka simu izimwe na foleni iende, akamwambia dada avue sare arudi nyumbani mpaka atakapoitwa. Aliivua palepale, ilikuwa juu ya blauzi yake, akaikunja vizuri kama nguo inayorudishwa dukani.

Pampu mpya ilifungwa siku hiyohiyo. Mteja aliniomba niliguse tena gari lake. Nikamwambia sasa halihitaji.

Siku nne zikapita, dada hajaitwa. Asubuhi ya tano alinikuta uani nafua, akageuza ndoo, akaikalia.

"Jirani, hebu nieleze. Maji yaliingiaje?"

Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua, kama mimi ninavyotakaga kujua. Nikamweleza. Mvua hupenya kwenye mfuniko. Tenki likipoa hutoka jasho kwa ndani. Lori linaloleta mafuta pengine halikukaushwa. Yote yalikuwa kweli. Sidhani nimewahi kueleza kitu vizuri vile; nilimchorea mpaka tenki, sakafuni, kwa kidole chenye povu.

Alisikiliza hadi mwisho.

"Kuna kijiti cha kupimia maji kwenye tenki," akasema. "Wa zamu ya asubuhi ndiye anayekitumbukiza. Siku ile nilichelewa, sikupima. Kumbe ni mimi."

"Pengine," nikajibu.

Akanishukuru, akasema akili yangu inapotea bure Gerezani. Kisha akaingia chumbani, na kupitia mlango uliobaki wazi nikamsikia anampigia meneja simu, anaomba msamaha.