Fimbo Mlangoni kwa Bibi Yevstolia

Kaka yangu Veniamin alipostaafu kazi ya kiwanda cha mbao, hakukaa sana kabla hajaanza kuniharibia vyombo. Alichukua baiskeli ya marehemu baba, akafunga mota kwenye gurudumu la nyuma, kisha betri za kompyuta mbovu akazipanga ndani ya sufuria yangu ya kuchachushia kabichi.

"We Veniamin, kabichi nitaitia wapi? Kofiani mwako?"

"Aka, dada! Kabichi kila mtu anayo. Baiskeli ya umeme anayo nani?"

Haya, ikaenda. Tena kimyakimya, mpaka mbwa wakawa wanachelewa kubweka. Kiangazi kizima akawa anapotelea misituni, anafuata njia za zamani za matrekta akitafuta vijiji vilivyohamwa. Jioni anarudi na matope mpaka masikioni, anasimulia kama mtoto aliyetoka harusini.

Alichokipenda kuliko vyote ni Lepunga. Pale amebaki mtu mmoja tu, Bibi Yevstolia, mjane. Veniamin akawa anampelekea mkate na chumvi, anamzibia paa, naye bibi akamfanya mwana. Bibi hana kufuli. Huku kwetu kaskazini ukitoka unaegemeza fimbo mlangoni, basi. Apitaye anajua mwenyewe hayupo, na haingii.

Sasa njoo kwa Arkadi. Huyu ni rafiki wa kaka tangu shule, ndiye aliyemchomelea fremu. Siku moja Veniamin akampakia nyuma wakaenda Lepunga, wakanywa chai kwa bibi. Arkadi aliporudi hakuuliza habari za bibi, aliuliza ile picha takatifu ya ukutani ni ya zamani kiasi gani. Nikamwambia kaka, "Huyo macho yake hayatulii."

"Dada nawe! Kwako kila mtu mwizi."

Mwezi wa nane bibi akapelekwa hospitali. Alimshika Veniamin mkono, akamwambia, "Mwanangu, nakuachia Nikola wangu. Mume nimezika, mwanangu wa kiume nimezika, huyu ndiye aliyebaki." Alimaanisha ile picha ya Mtakatifu Nikola. Nyanya yake bibi aliwahi kuificha ndani ya pipa la unga, miaka ile serikali ilipofunga makanisa.

Veniamin akawa anakwenda kuangalia. Anaiona fimbo iko mahali pake, anageuza baiskeli kwa amani. Siku moja mvua ikamlazimisha kuingia. Kwenye kona ya picha palikuwa na alama nyeupe tu ukutani.

Alirudi amelowa, akasema Nikola wa bibi ameibiwa. Arkadi alikuwa kwangu, anakula pai yangu ya samaki. Akaruka juu: "Watu wa mjini hao! Wanakuja na magari, wanasomba kila kitu!"

Veniamin akamtazama. "Mtu wa mjini angeirudisha fimbo mlangoni?"

Arkadi akaacha kutafuna. Lo, uso ulimwiva! Mkono wake uliozoea desturi ya kwetu ulikuwa umemponza: amekwisha kuiba, na bado akaegemeza fimbo kama alivyofundishwa na mama yake.

"Bibi mwenyewe anakufa leo au kesho," akasema. "Ingeliwa na panya."

"Iko wapi?"

"Ishakwenda, Venia. Hairudi."

Nilimtoa kwa ufagio, na pai yake nikamtupia mbwa. Kikulacho ki nguoni mwako, nilisema tangu mwanzo! Lakini Veniamin alikaa akitazama mikono yake. "Nilimpakia mwenyewe," akasema. "Njia nilimwonyesha mwenyewe." Nilimhurumia mpaka nikamkasirikia.

Bibi aliporudi, Veniamin alimweleza yote, hakuficha hata neno. Bibi alisikiliza amesimama, mkono kwenye ukuta mtupu. Hakulia wala hakumlaani mtu. Akasema tu, "Ukija tena niletee kufuli."

Alimpelekea, akalipigilia mlangoni kwa misumari mirefu. Siku zote, kazi ikiisha, huwa chai. Siku hiyo bibi alitoka naye nje, akafunga mlango mbele yake, akautia ufunguo kifuani.

"Asante, Veniamin," akasema. "Nenda sasa, mvua isikukute."

Hakumwita "mwanangu". Baiskeli iko bandani tangu hapo, na sufuria yangu nimerudishiwa.