Mama Jerusa Amondi, Aliyekaa na Wanaoondoka

Alizaliwa mwaka 1961 katika nyumba za wafanyakazi wa majani chai nje ya mji wa Kericho, mtoto wa tatu wa Owiti, mchuma chai kutoka upande wa ziwa, na mkewe Aluoch. Utoto wake haukuwa na ishara yoyote, na anayewaambia waumini kwamba alizaliwa akiomba anatia chumvi. Alikuwa msichana mkali, mzito wa kuamini neno la mtu. Wito ulimjia mwaka 1979, Owiti alipougua saratani ya koo. Mzee alilia kwa maumivu hata majirani wakafungulia redio kwa sauti kubwa wasimsikie. Jerusa alizichukia redio hizo. Baada ya mazishi alimwambia mama yake, "Mimi nitakuwa mtu wa kukaa pale ndani."

Akasomea uuguzi, akatumikia zahanati miaka mingi, na mwaka 2010, pamoja na wanawake wa parokia, akaanzisha hospisi, huduma ya wagonjwa wasio na tumaini la kupona, isiyo na kitanda hata kimoja: iliwafuata nyumbani wagonjwa ambao hospitali ilikuwa imewarudisha. Hapo majaribu yakaanza. Kila nyumba aliyoingia ilipata msiba, na watu wakaunganisha mambo. Sokoni akina mama walinyamaza akipita. Wengine walinong'ona kwamba wauza majeneza wanampa kitu kidogo. Yalimuuma sana, ila hakuacha kwenda.

Jaribu kubwa lilikuwa Kedowa, mwaka 2016, kwa Nganga, baba yake Cate, mchuuzi wa maziwa. Mkewe Wanjuhi alikuwa na saratani ya mifupa. Mama Jerusa alimletea mofini, dawa ya maji yenye rangi ya kijani, na Nganga akaipokea kwa ncha za vidole.

"Sista, wewe ukiingia kwa mtu, matanga inafuata. Hii dawa ni ya nini kweli?"

"Ni ya maumivu, baba Cate. Ugonjwa umetushinda. Maumivu hayajatushinda."

Muuguzi aliporudi alimkuta Wanjuhi ameuma shuka kwa maumivu, ingawa dawa chupani ilikuwa imepungua. Basi dawa ilienda wapi? Sasa ikawa zamu yake kushuku. Alidhani mzee anainywa, au anaiuza. Akainua chupa dirishani. Kijani kilikuwa kimepauka.

Kedowa nzima ilijua Nganga hakuwahi kutia maji kwenye maziwa ya mtu. Dawa ya mkewe aliitia. Mama Jerusa alimwita nje, kando ya zizi, na alikiri baadaye kwamba mkono ulimwasha kumpiga kofi.

"Nilijua unammaliza," Nganga alisema, machozi yakimtoka. "Nikasema nikipunguza nguvu ya dawa, atakaa."

Hasira ikamwishia palepale. Aliyesimama mbele yake hakuwa mwizi, alikuwa mume aliyeogopa kuachwa.

"Atakaa muda uleule, baba Cate. Tofauti ni kama atakaa akilia."

Akafungua chupa mpya, akampimia Wanjuhi dawa, kisha akaketi na Nganga ambaye hakuondoa macho kwenye kifua cha mkewe. Wanjuhi alilala. Mzee akamtazama muuguzi kwa jicho baya. Jioni Wanjuhi akaamka, akaomba chai, akamgombeza mumewe kwa kusahau kumnywesha ndama. Nganga alilia waziwazi. Waliishi hivyo mwezi na zaidi, wakizungumza, hata Wanjuhi akaaga dunia kwa utulivu, binti yao Cate akimpangusa uso.

Mama Jerusa alifariki mwaka 2023, na familia alizozitumikia zilijaza uwanja wa kanisa, kila moja na sufuria yake ya chakula. Siku hizi husemwa kwamba maumivu yalikimbia alipogusa tu kizingiti. Kanisa halina haraka na habari za namna hiyo. Maumivu yalikimbia kwa dawa na kwa kukaa. La ajabu lililo na mashahidi ni hili. Mwaka jana huko Mogogosiek, mama mmoja aitwaye Chelimo alimfungia muuguzi wa hospisi mlango, mumewe akiugulia ndani. Nganga, aliyetoka Kedowa kwa hiari yake kumsindikiza muuguzi huyo, alisimama uani akasema mbele ya majirani wote, "Mimi nilimtesa mke wangu juu ya woga. Dawa ilikuwa ndani ya nyumba, na bado alilia. Fungua, mama."

Chelimo alifungua, ingawa hakuondoa mkono mlangoni. Anayetaka kumfuata Mama Jerusa auache udongo wa kaburi lake, ambao wengine huchota kama dawa, afuatane na mzee huyu.