Saa za Mama Kola

Mjue kwanza huyu mama, fundi cherehani, ambaye wenzake walimbandika jina la Mama Kola kwa sababu kola ikipita mikononi mwake hailali tena. Mumewe alikuwa fundi wa kuezeka. Siku ngazi ya mwajiri ilipokatika, alianguka akavunjika mgongo, na tangu hapo mkewe alikaa mwaka na nusu bila kugusa cherehani.

Wakili aliyekuwa akimdai mwajiri fidia alimpa karatasi. "Mama, niandikie kila unachomfanyia mzee, na muda wake. Hiyo nayo ni kazi, inadaiwa. Tukishinda utaweka mtu wa kumhudumia asubuhi, wewe urudi kushona."

Kurudi! Neno hilo lilimkaa rohoni wiki nzima. Aliporudisha karatasi, wakili aliisoma akavua miwani.

"Kumwogesha, shati la mikono mirefu. Kumgeuza na kumpaka mafuta, kola mbili. Kumlisha, pindo la gauni. Mama, ndiyo nini hii?"

"Ndiyo muda wenyewe, mwanangu. Saa ya ukutani siiangalii, ila shati nalijua hata nikifumba macho."

"Hakimu atanifukuza! Yeye anataka saa."

Basi wakakaa, shati kwa shati, wakageuza kuwa saa. Kila akitaja kola, vidole vyake vilikunja kitambaa kisichokuwapo pale mezani. Alipoona wakili anavitazama, akavificha mapajani. Zikatimia saa saba kwa siku.

"Saba tu?" mumewe alimtania kitandani. "Na kunivumilia je, umeandika?"

"Kukuvumilia ni suti nzima, baba, tena ya vipande vitatu."

Mume alicheka, kisha akatazama vidole vya mkewe. "Nenda kashone, mke wangu. Nimechoka kukuona unashona hewa."

Kesi ilikula miezi minane. Mwajiri akalipa, saa za Mama Kola zikiwamo.

Asubuhi ya kwanza, dada mhudumu alipofika nyumbani, Mama Kola alikwenda karakana akaketi kwenye kiti chake. Akakanyaga pedali. Katikati ya mkono wa shati akasimama, sikio upande wa mlangoni.

"Nani kakuita?" aliuliza fundi wa meza ya pili.

"Hakuna."

"Basi kanyaga, mama, wateja wanangoja!"

Akakanyaga. Akasimama tena.

"Saa hizi anageuzwa," alisema taratibu. "Sijui kama yule dada ameanza na ubavu wa kushoto."