Baba Bila Masizi

Leo mama amemkataa baba, jamani.

Nimetoka soko la Burma na uchovu wangu, nimebeba picha ya marehemu baba iliyokuzwa. Miaka ya sabini hiyo, kando ya garimoshi alilokuwa akichochea moto wake. Ndiyo pekee tuliyo nayo, na mama ameanza kumsahau.

Kumbe fundi wa picha, kwa wema wake, amemfuta masizi yote usoni!

Mama akaitazama weee. "Huyu bwana ni nani?"

Nikamtolea ile ndogo ya zamani.

Akacheka. "Ee, huyu ndiye. Mwambie asikalie kiti, maji ya kuoga yako jikoni."

Asante Mungu.

Ile kubwa nimeigeuzia ukutani. Watoto wa reli, nani bado ana picha ya baba yake akiwa mchafu?