Simu Iliyokatika Sekunde ya Thelathini na Mbili

Saa tatu na robo asubuhi, simu ya dharura inakatika tena. Bi Halo hana haja ya kutazama saa. Tangu saa moja zimekatika simu kumi na tisa, na zote zimefia mahali pamoja: sekunde ya thelathini na mbili.

Amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa katika chumba cha mitambo cha hospitali, kompyuta mapajani, sweta limefungwa hadi shingoni kwa baridi ya kiyoyozi. Nyuma ya ukuta mwembamba, dada wa zamu anayepokea simu za magari ya wagonjwa anaongea mbiombio.

"Uko wapi? Kwanza niambie uko wapi, jina baadaye!"

Simu imekatika.

"Bi Halo, ni yule kaka tena!" anapaza sauti. "Mkewe ana mimba ya miezi minane, anatokwa damu. Mara ya tatu hii! Mtaa nimeupata, nyumba bado. Nikimpigia kwa simu yangu, yake inatumika. Anatupigia sisi!"

Bi Halo, mama wa watoto wawili mwenye miaka arobaini na mitatu, jina hilo alilipata kwenye meza ya simu, kwa kuitikia "halo" kutwa nzima. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mpokea simu wa hospitali hiyo. Simu za intaneti zilipoingia, wenzake watatu walihamishiwa masjala.

"Niliambiwa mashine imekuja kuchukua kazi yangu," anasema. "Nikasema basi, nitaifuata hukohuko ilikokwenda nayo."

Akaomba vitabu vya mafundi, akavisoma jikoni watoto wakiwa shule. Leo mtambo unaopitisha simu mia na arobaini kwa siku uko mikononi mwake.

Mtambo huo una milango miwili ya ishara: mmoja unatazama ndani ya hospitali, mwingine unatazama nje, kwa kampuni ya simu. Ishara si sauti. Ni salamu ambazo mitambo hupeana: unapigiwa, nimepokea, nimesikia, sawa. Ile "sawa" ya mwisho isiporudi, mtambo husubiri sekunde thelathini na mbili, kisha hukata.

Bi Halo anapekua kumbukumbu za mtambo mstari kwa mstari. Ghafla kidole kinaganda. Mlango wa nje unajitambulisha kwa anwani ya ndani. Kampuni ya simu inatuma "sawa" yake kwenye anwani ambayo huko nje haifikiki.

Na anwani hiyo aliiandika yeye mwenyewe, jana, alipoandaa mtambo upokee simu za dharura badala ya laini ya zamani.

Anaisoma mara mbili.

Mkuu wa kitengo amesimama mlangoni, jasho linamtoka ndani ya baridi ile. "Turudi laini ya zamani."

"Kampuni imeizima leo saa moja, bosi. Kosa nimeliona, ni langu. Nipe dakika moja na nusu, niuzime mlango na kuuwasha upya."

"Dakika moja na nusu bila simu kabisa? Na yule mama? Ngoja simu zipungue."

"Hazitapungua, bosi. Watu wanapiga kwa sababu tunawakatia."

Mkuu anafuta uso kwa kiganja. Anaitikia kwa kichwa.

Bi Halo anagonga ukuta. "Mdogo wangu, akipiga tena usimuulize kitu kingine. Nyumba tu!"

Simu inaita. "Kaka, nyumba! Geti rangi gani? La bluu? Mkabala na kinyozi? Haya, gari linak..." Imekatika.

"Nimeipata! Gari linatoka!"

Bi Halo anazima mlango. Anaandika anwani mpya, anaisoma kwa sauti tarakimu moja moja, na mkuu anairudia nyuma yake kama mtoto wa darasa la kwanza. Anawasha. Taa inapepesa nyekundu.

Taa inageuka kijani. Simu inaita.

"Mlaze ubavu wa kushoto," dada wa zamu anasema. "Usimpe kitu mdomoni." Thelathini. Thelathini na moja. Thelathini na mbili. "Endelea kumwita jina lake, kaka, mimi niko hapa."

Alikuwa hapo kwa dakika kumi na moja, hadi gari lilipofika. Mama alipona, na mtoto pia.

Siku nne baadaye, mume alifika hospitali akiwa amefura kwa hasira, akitaka kumjua aliyekuwa akimkatia simu. Bi Halo alitoka akasimama mbele yake. "Ni mimi," akasema, akamweleza yote.

"Nilidhani mnanikatia makusudi," mwanamume huyo alijibu, akaketi kwenye benchi na kulia.

Bi Halo alipewa barua ya onyo. Hakuikatia rufaa. "Jana yake nilijaribu simu kwa sekunde kumi tu. Nikasikia halo, nikaridhika, nikaenda nyumbani."

Mwezi ujao hospitali itaunganisha zahanati tatu kwenye mtambo huo, na kazi amepewa yeye. Amekubali kwa sharti moja: asikae peke yake. Dada wa zamu ameanza kujifunza, kila siku baada ya chakula cha mchana.

"Simfundishi ili anisaidie," anasema Bi Halo, akimsogezea kompyuta. "Namfundisha ili anikatalie nikitaka kuridhika mapema."