Mama Kipimo, mwanamke aliyeizuia meli ya ngano

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Mama Kipimo anashuka ngazi ya chuma ya gati, kalamu kaichomeka kwenye kilemba. Mbele yake umesimama mti wa kupimia maji, mistari yake myeusi na myeupe. Anaukodolea macho, midomo ikihesabu.

“Nangoja mawimbi matatu,” anasema bila kugeuka. “Wimbi moja ni mwongo. Matatu hayawezi kupanga njama.”

Anaandika: mita mbili nukta moja, maji yanajaa.

Kwa miaka kumi na tisa hiyo ndiyo kazi yake: kupima maji ya bandari yanavyojaa na kupwa, ili marubani wanaoongoza meli wajumlishe kipimo hicho na kina cha kwenye ramani, wajue kama maji yanatosha. Aliajiriwa kufagia ofisi. Ameishia darasa la saba. Karani mzee aliyekuwa akipima zamani alimkuta siku moja ameegemea ufagio, anasoma majedwali ya maji ukutani.

“Aliniuliza, ‘Unaelewa nini humo, binti yangu?’ Nikamwambia, naona maji kila siku yanachelewa kama dakika hamsini. Akacheka hadi akakohoa. Kesho yake akanipa kalamu.”

Karani ndiye aliyemweleza kwamba mwezi huyavuta maji. Yaliyo upande wake huvutwa kwa nguvu zaidi na kuinuka. Yaliyo upande wa pili wa dunia huvutwa kidogo kuliko dunia yenyewe, hubaki nyuma, nayo pia huinuka. Dunia ikijizungusha, pwani nyingi hupata maji kujaa mara mbili kwa siku. Na kwa kuwa mwezi nao unasonga mbele, kila siku tunachelewa kuufikia.

“Jua nalo linavuta, ila liko mbali,” anaongeza. “Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, wanavuta kwenye mstari mmoja, tunapata bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, kila mmoja anavuta kwake, maji yanakuwa mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Kama mume na mke wasiosikilizana, nyumba haiendi.”

Miaka mitatu iliyopita bandari ilinunua mashine ya kupima: bomba refu lenye tundu chini, na ndani boya linalopanda na kushuka na maji. Mama Kipimo aliambiwa apime mara moja tu kwa siku, “kwa kumbukumbu.”

Kisha ikaja meli ya ngano, imelemewa. Maji yalikuwa yameanza kupwa, lakini mashine ilionyesha mita mbili nukta tisa, na rubani akaanza kuiingiza. Mama Kipimo alikuwa kwenye ngazi. Mti ulisema mbili nukta nne.

Alipanda mbio hadi kwenye redio.

“Rubani, simamisha meli. Maji hayatoshi.”

“Mama, mashine inasema yanatosha.”

“Mashine iko bombani, mimi niko majini. Rudi nje, baba, utakaa kwenye mchanga!”

Mkuu wa zamu alimwinamia sikioni. “Ukikosea, kesho huna kazi.”

“Nilijua naweza kufukuzwa,” anakiri. “Lakini mti nilikuwa nimeusoma mara tatu.”

Rubani aliigeuza meli. Mchana huo mpiga mbizi alishuka chini ya bomba, akakuta tundu limezibwa na chaza na matope. Maji ya nje yalishuka. Ya ndani yalinaswa juu. Meli iliingia baada ya muda wa saa kumi na mbili na ushei, maji yalipojaa tena, bila mkwaruzo.

“Nusu mita ile ingenivunjia meli na jina,” anasema rubani, mtu mzima wa mvi. “Sasa siingizi chombo kabla sijamsikia dada yangu huyu.”

Mkuu wa zamu alimwomba radhi mbele ya wafanyakazi wote. Siku hizi mashine na mti husomwa pamoja, na Mama Kipimo ndiye anayewafundisha wapimaji wapya wanne, wawili kati yao wana shahada.

Ana miaka hamsini na moja, na Novemba hii atafanya mtihani wa kidato cha nne, somo la fizikia likiwemo. Binti yake, mwalimu, humsahihishia kila Jumapili.

“Ananiambia, ‘Mama, mtihani hautaki habari za mume na mke, unataka kanuni.’” Anacheka, kisha anakaza uso. “Kanuni nitawaandikia. Maji nimeyasoma miaka kumi na tisa. Sasa nataka cheti chenye jina langu lote.”