Balozi Aliyekataa Kusema Kuna Amani

Nakumbuka, mwanangu, siku moja ya miaka ile ya wakimbizi, vilima vyetu vya Ngara vikiwa vimefunikwa maturubai toka bondeni hadi kileleni. Nilikuwa binti wa kijiji cha Kirushya, nimemaliza shule juzi tu, nikapata kazi ya ukalimani kambini. Kihangaza chetu na Kirundi cha wakimbizi hao ni ndugu, na Kiingereza nilifundishwa na masista.

Siku hiyo aliletwa balozi wa nchi ya mbali. Kabla ya ubalozi alifundisha sheria chuo kikuu, na wasomi walimheshimu kwa alivyotetea haki za waliokimbia makwao. Wakubwa waliomleta walitaka jambo moja: awaambie wakimbizi kwao kumetulia. Malori ya kuwarudisha yalikwisha kupangwa barabarani, yanangoja neno lake.

Yeye akaomba kwanza kukaa na akina mama waliovuka mto karibuni. Mmoja, bega lina kidonda kibichi, akamwambia kupitia kwangu, "Mzee, waliomuua mume wangu ndio wanaolinda njia ya kurudi."

Balozi akainuka, akaenda kusimama mbele ya umati wa wakimbizi.

"Nimetumwa niwaambie kwenu kuna amani. Sijaiona. Sheria niliyofundisha inakataza kumsukuma mtu kwenye kifo. Atakayewapakia kwa nguvu, asitumie jina langu."

Kabla sijafungua kinywa, mkubwa mmoja aliniinamia. "Binti, waambie amesema kuna amani. Kazi unaitaka, huitaki?"

Niliogopa, mwanangu, sikufichi. Nikapaza sauti, nikatafsiri neno kwa neno. Watu wakaketi chini, wote, na hakuna aliyewainua. Malori yakarudi yalikotoka, Lusahunga, matupu.

Jioni ile sikuwa na kazi tena. Nikarudi kupalilia maharage, na majirani wakanicheka. Baba yangu, mtu wa maneno machache, akasema tu, "Kazi ni jembe, utalipata jingine. Ulimi ukishauuza, hununui mwingine."

Balozi naye akavuliwa ubalozi. Msema kweli hukimbiwa na rafiki zake. Akarudi kufundisha sheria, miaka mingi, hata nchi yake ilipochoka kudanganywa ikamtafuta, ikamchagua rais. Nilisikia redioni, sokoni Nyakahura, nikapiga kigelegele peke yangu. Wauza ndizi wakadhani nimerukwa na akili! Na muda wake ulipokwisha, wapambe wakamsihi abadili katiba aendelee kukaa. Akawajibu kwamba sheria aliyowafundisha wengine inamfunga na yeye. Akashuka kitini.

Sikuambii kwamba ukweli hulipa. Mimi kazi ile sikurudishiwa hadi leo. Nakuambia hivi: waamkie wakubwa shikamoo, watumikie, wabebee mizigo yao, lakini wakikutaka useme amani pasipo amani, kataa. Kataa kwa sauti, hata ukitetemeka. Woga si dhambi; kuutii ndiko kunakoua watu.

Mungu akukaze mgongo, mwanangu. Akupe riziki isiyodai uongo, na watoto wako walale usingizi mzito katika nchi yao wenyewe.